Kinga na Kinga

Kiswahili kina kinga tatu, na kwenye kuta za zahanati imebandikwa moja tu. Hiyo ni ile ya ngao, ya "kinga ni bora kuliko tiba", inayozuia jambo lisimfikie mtu. Ya pili ni kitenzi cha nyumba yenye paa la bati: mvua ikishuka Nyakakika, wilayani Karagwe, anayewahi kutoka na ndoo anakinga maji, na hapo hazuii chochote, anapokea. Ya tatu imebaki jikoni na kwenye methali. Ni kinga cha moto, wingi wake vinga, ukuni ulioshika moto upande mmoja, ambao ukiachwa peke yake hufifia na ukikutanishwa na mwenzake huwaka. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wanakamusi huyapa maneno haya namba tofauti, na hili la jikoni hata ngeli yake ni nyingine, nami sidai kwamba yamezaliwa na mama mmoja. Ninachodai ni kwamba mtu akitaka kueleza kwa Kiswahili jinsi kifua kikuu kinavyotambuliwa kwa njia za kinga, zile zinazotumia kumbukumbu na silaha za mwili wenyewe badala ya darubini, atayahitaji yote matatu, na lile la ukutani ndilo litakalomfaa kidogo kuliko yote.

Jina la ugonjwa lenyewe lina mzigo wake. Tunasema mtu "ana kifua" tukimaanisha anaumwa, ingawa hakuna asiyekuwa nacho. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, husema ekifuba, neno lile lile likiwa bado na b ambayo Kiswahili kimeidondosha. Juu ya hicho kifua tukaweka -kuu, ya mkuu wa wilaya na barabara kuu, tukapata ugonjwa ulio kiongozi wa vikohozi vyote. Ni jina zuri mpaka vimelea watoke kifuani. Wakienda kwenye uti wa mgongo tunalazimika kusema "kifua kikuu cha mifupa"; wakikaa shingoni, "kifua kikuu cha tezi"; na kwa mtoto ambaye utando wa ubongo wake umeshambuliwa, kifua kimepanda kichwani. Ndiyo maana wahudumu wa afya, na sasa hata wagonjwa, wamekimbilia "tibii". Wapenzi wa Kiswahili hunung'unika, lakini mimi tibii naiheshimu: haina kiungo inachokitaja, kwa hiyo haidanganyi.

Kwenye maabara mambo ni mepesi zaidi kilugha. Makohozi yanapakwa kwenye kioo, yanatiwa rangi, yanatazamwa. Mgonjwa anarudi na kuambiwa "umekutwa na wadudu" au hukukutwa nao. Madaktari hupenda "vimelea", na wako sahihi, lakini wadudu ndilo neno la foleni, na limetosha tangu Robert Koch alipowatangaza viumbe hao mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Wapo au hawakuonekana.

Vipimo vya kinga huanza na swali jingine kabisa, na vilianza kwa kushindwa. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, maji yaliyotokana na vimelea, yaliyokuja kuitwa tuberkulini. Watu walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wengine iliwazidishia. (Haikuwa mara yake ya mwisho kuamini dawa kupita kiasi. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa kwenye visiwa vya Ssese, katika ziwa lile lile linaloosha Bukoba, akitibu malale kwa atoksili, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka.) Ila tuberkulini iliacha kitu nyuma. Aliyewahi kuingiwa na vimelea alipodungwa, mwili wake ulichachamaa. Ambaye hajaingiwa, hakuhisi kitu. Dawa iliyokufa ikafufuka kama swali.

Aliyelifanya swali hilo liulizike kwa usalama ni daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, mwaka 1907. Alikwaruza ngozi ya mkono na kuweka tone la tuberkulini juu ya mkwaruzo. Kwa maana ya zamani ya neno, alichanja. Chanjo yetu ya leo imetoka huko huko, kwenye wembe wa mganga na chale, kabla haijahamia kwenye sindano na baadaye kwenye matone ya mdomoni ambayo hayachanji chochote. Pirquet aligundua kwamba ngozi za watoto wengi wasiokohoa wala kukonda ziliitikia.

Na ni huyu huyu aliyeupa ulimwengu neno alejia, mwaka 1906. Siku hizi watu hulifunga kwenye karanga na vumbi, lakini alilitunga kwa jambo pana zaidi: mwili uliowahi kukutana na kitu hubadilika, na ukikutana nacho tena hauwi ule wa mwanzo. Kiswahili kimelitafsiri kwa "mzio", na hapa nasimama kidogo kwa sababu sijui tafsiri nyingine ya kitabibu iliyobahatika hivi. Kabla ya hospitali kulichukua, mzio ulikuwa kile ambacho mtu amekatazwa kula, mwiko wake. Ukivuka kwenda lugha za Kagera unalikuta neno hilo hilo limekaa kwenye kiti kikubwa: omuziro, mnyama au kitu ambacho ukoo hauli wala haugusi, na ambacho ukoo hujulikana kwacho. Mnyambo anayekutana na mgeni anaweza kumuuliza omuziro wake ili ajue wanahusianaje. Pirquet hakuwa na habari hizi, lakini kipimo chake kilifanya kazi hiyo hiyo. Mwili uliowahi kukaliwa na vimelea vya kifua kikuu huwa umejiwekea omuziro. Ukiletewa tone lake kwenye ngozi, unajitambulisha.

Mwaka 1908 Mfaransa Charles Mantoux akaacha kukwaruza, akadunga ndani ya ngozi yenyewe. Jina lake hutamkwa Mantu, hatua moja tu kutoka omuntu wa Kinyambo, na kipimo chake ndicho kinachotumika mpaka leo. Sindano nyembamba inaingizwa kwa ulalo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, na mililita 0.1 ya tuberkulini iliyosafishwa inainua kijipele cheupe kinachonywea baada ya muda mfupi. Halafu mtu anaambiwa arudi baada ya saa 48 hadi 72 "kusomwa".

Kusomwa ni neno halisi la kliniki, na linafaa kwa sababu kuna kusoma vibaya. Mkono unaweza kurudi na wekundu mpana wa kutisha, na wekundu huo hauhesabiwi. Kinachohesabiwa ni ugumu: eneo la ngozi lililokakamaa na kuinuka, linalotafutwa kwa ncha ya kidole au kwa kalamu ya wino inayosukumwa taratibu kutoka pembeni mpaka ikwame. Ukingo unawekwa alama, upana unapimwa kwa rula kukata mkono, kwa milimita. Kwa watu wengi milimita 10 ndizo huhesabiwa. Kwa anayeishi na VVU, 5 zinatosha. "Uvimbe" ndilo neno linaloandikwa mara nyingi kwenye maelekezo ya Kiswahili, na ningependa liondolewe. Uvimbe unaonekana kwa macho, ugumu unaguswa. Msomaji aliyefundishwa neno la kwanza atatazama tu.

Kwa nini siku mbili? Hapa kinga cha jikoni kinaingia. Katika damu ya aliyewahi kuambukizwa kuna seli zilizobaki na kumbukumbu ya vimelea wale, chache, zimetawanyika, kila moja na cheche yake. Tuberkulini inapowekwa ndani ya ngozi, lazima mojawapo ipite hapo, itambue, na iziite nyingine. Zinapokusanyika ndipo pale mahali panapopata moto, ngozi ikajaa na kukakamaa. Kinga na kinga. Kwa mtu ambaye hajawahi kuambukizwa, kuni ni mbichi, na baada ya siku mbili mkono ni laini kama ulivyokwenda.

Kwa mkazi wa vilima vya Karagwe siku hizo mbili ni safari ya pili, na asiporudi kipimo kimepotea hata kama ngozi yake imesema waziwazi.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa sarufi. Kipimo cha ngozi hakina njeo. Kikiitika, kinasema mwili na vimelea vimekutana. Lini, hakisemi, na kama bado vimo, hakisemi. Kiswahili hakimwachii msemaji nafasi hiyo. "Wadudu waliingia" inawaacha wadudu zamani. "Wadudu wameingia" inawaweka ndani mpaka sasa. "Wadudu wanamla mapafu" huo ndio ugonjwa. Mantoux haiwezi kutenganisha -li-, -me- na -na-, na anayetoa majibu kwa Kiswahili analazimika kuchagua moja kila anapofungua mdomo. Kwa Kinyambo hali ni ngumu maradufu, maana lugha hiyo, kama ndugu yake Kihaya, hutenga lililotokea leo, lililotokea jana na lililotokea zamani, kila moja na umbo lake la kitenzi. Hata -ka-, ambayo kwetu inasogeza hadithi mbele, kwao huirusha nyuma kabisa. Muuguzi anayemtafsiria bibi majibu ya mkono wake lazima aseme ni lini, na kipimo hakikumwambia.

Wengi hujiokoa kwa "TB iliyolala". Ni tafsiri ya usemi wa kitaalamu wa zamani, na inaanza kuleta taabu mara tu inapotamkwa, kwa sababu kwa Kiswahili aliyelala yumo ndani ya nyumba. Bibi mwenye akili zake atauliza, "Wataamka lini, mwanangu?" na swali lake ni la haki. Jibu ni kwamba inakadiriwa robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa, na katika kila 100 kati yao, 5 hadi 10 ndio huugua maishani, kama kinga yao haijadhoofishwa na jambo jingine. Hao wengine, kwa baadhi yao wadudu pengine walikwisha kufa zamani na kumbukumbu ndiyo iliyobaki. Nyaraka za Shirika la Afya Duniani zenyewe zimeanza kuachana na "iliyolala" na kusema tu maambukizi ya TB. Kiswahili kina kauli iliyo bora kuliko zote mbili, nayo imekuwa ikitusubiri: "amewahi". Mwili umewahi kukutana na kifua kikuu. Amewahi haisemi lini wala haisemi kama bado. Inalingana na Mantoux kwa upana ule ule, na huwezi kuisikia ukadhani umeambiwa unaumwa.

Hata "amewahi" ina mlango wa uongo. Watanzania wengi wana kovu dogo kwenye bega la kulia, la BCG. Chanjo hiyo imetokana na vimelea vya ng'ombe: Albert Calmette na Camille Guérin walivikuza kizazi baada ya kizazi kuanzia 1908, kwa miaka 13, mpaka vikapoteza ukali, na mtoto wa kwanza akapewa jijini Paris mwaka 1921. Mwili uliochanjwa unaweza kuitikia tuberkulini kwa sababu tu unamkumbuka yule wa chanjo. Ngozi haidanganyi, ila haitofautishi kati ya adui na picha yake. Wafugaji wa ng'ombe wana mbinu ya kuzunguka shida inayofanana na hiyo. Mtaalamu wa mifugo humdunga ng'ombe shingoni mara mbili, tuberkulini ya vimelea vya ng'ombe hapa na ya vimelea vya ndege pale, na baada ya saa 72 hulinganisha unene wa ngozi wa sehemu zote mbili. Binadamu tulikuja kupata suluhisho la aina nyingine. Miongoni mwa vitu ambavyo BCG ilivipoteza katika safari yake ni kipande cha urithi kinachoitwa RD1, na ndani ya kipande hicho kuna maelekezo ya protini mbili, ESAT-6 na CFP-10. Mwili uliochanjwa tu haujawahi kuziona. Ulioambukizwa unazijua, pamoja na ule ulioambukizwa na maziwa mabichi, maana kimelea halisi wa ng'ombe bado anazo.

Protini hizo ndizo msingi wa vipimo vya intaferoni gama. Damu inachukuliwa, inachanganywa nazo, inaachwa kwenye joto la mwili kwa saa 16 hadi 24, kisha inapimwa kama seli zake zimetoa intaferoni gama, kemikali ambayo seli zenye kumbukumbu huitoa zinapomtambua adui. Moto ule ule, umewashwa kwenye chupa badala ya mkono. Mgonjwa harudi kusomwa, lakini damu inahitaji umeme usiokatika, mashine na mtu aliyefunzwa, na barabara ya kuifikisha huko mapema. Jina lenyewe la intaferoni, lililotungwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann jijini London, lilitokana na tabia ya kuingilia kazi ya virusi. Kwetu halisemi kitu, na silaumu. Kuna istilahi za kutafsiri na kuna za kuacha zipite. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali pia vipimo vipya vya ngozi vinavyotumia protini hizo hizo, vikidungwa mkononi kama Mantoux ya zamani, na saa zake ni zile zile 48 hadi 72.

Karagwe na jirani zake wana sababu nyingine ya kutoitegemea ngozi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wakati ugonjwa haujapata jina la Kiswahili na watu wakiuita Juliana, jina la nguo za biashara za mpakani. Jina rasmi lilipokuja, Upungufu wa Kinga Mwilini, lilifanya kazi ambayo hakuna kitabu cha biolojia kingeweza: liliingiza kinga, ile ya ngao, kwenye mazungumzo ya kila kijiji. Washauri wa kliniki wakaongeza "askari wa mwili" kwa seli za CD4, na kuhesabiwa askari likawa jambo la kawaida la siku ya kliniki. Sielewani sana na askari hao, kwa sababu askari kazi yake ni kupigana, na Mantoux haihesabu mapigano, inahesabu kumbukumbu. Mtu ambaye CD4 zake zimeshuka sana anaweza kuwa na kifua kikuu kinachomuua na mkono wake ukarudi laini kabisa. Vinga vimezimika. Huo ndio ubaya wake: kipimo kinanyamaza kwa yule anayekihitaji zaidi. Kwa sababu hiyo anayeishi na VVU ambaye hana dalili za TB, na mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa wa TB, naye akiwa hana dalili, wanaweza kupewa dawa za kuzuia bila kusubiri mkono wala intaferoni.

Kuhusu kingamwili sitakaa sana. Neno lenyewe ni zuri kwa "antibodi", ila limebanwa mno na "kinga ya mwili", na msikilizaji wa redio hawezi kusikia nafasi iliyo kati ya maneno. Na kwa kifua kikuu kingamwili zimewahi kuuzwa kwa ahadi kubwa: tone la damu, dakika chache, majibu. Walioambukizwa zamani walionekana wagonjwa, na wagonjwa wakaonekana wazima. Julai 2011 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziache kabisa vipimo hivyo vya damu. Bado utasikia mtu dukani akiulizia "kipimo cha damu cha tibii", na muuzaji mwaminifu atamrudisha kwenye makohozi.

Kingamwili zilipata kazi ya heshima zilipotolewa mwilini na kubandikwa kwenye karatasi. Muuguzi anampa mgonjwa kikopo na kumwambia, "Nenda ukakinge mkojo." Kitenzi ni kile cha ndoo na bati, kinatumika hospitalini bila mtu kukitafakari, na kipimo cha LAM kinakifuata neno kwa neno. Ukuta wa kimelea wa kifua kikuu una sukari iliyoungana na mafuta, lipoarabinomanani, na mwili ukizidiwa vipande vyake huvuja kwenye damu, vikachujwa na figo na kushuka na mkojo. Kwenye utepe wa kipimo kumepangwa kingamwili zinazoijua sukari hiyo. Mikrolita 60 za mkojo zinadondoshwa, zinapanda kwenye utepe, na sukari inayopita inakingwa. Baada ya dakika 25 mstari unalinganishwa na kadi ya mfano. Hakuna seli hai inayohitajika, hakuna kumbukumbu, hakuna moto wa kuwasha; kwa hiyo kinga ya mgonjwa ikiwa chini hakipotezi nguvu, na kwa kweli ndipo kinapofanya vizuri zaidi, kwa sababu ndipo vimelea wanapokuwa wengi na sukari ikamwagika. Kilipendekezwa mwaka 2015 kwa watu wanaoishi na VVU walio hoi, na 2019 wigo ukapanuliwa. Kwa asiye na VVU sukari ni kidogo mno, hakishauriwi. Na mstari usipotokea, mtu hajaambiwa kwamba ni mzima, anaendelea kuchunguzwa.

Ni kipimo cha kinga kilichorudi kwenye njeo ya darubini, ya "wapo". Kwa hiyo tusikiweke pamoja na Mantoux kwenye safu moja ya daftari eti kwa kuwa vyote ni vya kinga. Kwenye safu ya LAM neno "chanya" linatosha. Kwenye safu ya Mantoux ningependa mtu aandike milimita tu kwa tarakimu, hata kama ni sifuri, na pembeni yake kama kovu la BCG lipo na kama hali ya VVU inajulikana; "chanya" na "hasi" ziachwe kwa daktari atakayeyasoma hayo yote pamoja, na kwa bibi paandikwe "amewahi".